Taya la Odhrán Lavelle

Mume wangu hukusanya maziwa siku sita za wiki, na siku ya saba hukusanya matusi. Maziwa huyapeleka kiwandani. Matusi huja nayo nyumbani, nami huyasikia tena Jumatatu saluni kwangu, yakiwa yameshaongezwa chumvi na wanawake ambao vichwa vyao viko mikononi mwangu, juu ya sinki, na ambao kwa sababu hiyo ungedhani wangejichunga.

Anaitwa Malachy Tarpey. Ni mrefu, mpole, na ana goti bovu. Hakuomba kuwa refa. Katika mpira wetu wa Kiayalandi hakuna anayeomba. Goti lilipomkatalia kucheza, alienda kwenye mkutano wa klabu yake kwa nia njema kabisa ya kunywa chai. Akatoka nje kidogo kuzima taa za gari alizozisahau, na aliporudi alikuta wanampigia makofi. Kila klabu ilitakiwa itoe refa mmoja, na wenzake walikuwa wamempata mtu mwenye sifa zote: hakuwepo ukumbini kukataa.

Basi tangu hapo kila Jumapili huvaa kaptula nyeusi, hupakia garini kaka yake na majirani watatu waliovaa makoti meupe kama wachinja nyama, wale wanaosimama golini na kumwambia mpira umepita ndani au nje, na huenda kuharibu maisha ya watu. Hivyo ndivyo wenyewe wanavyoielezea kazi yake.

Mimi ni mzaliwa wa Derrymoyle. Derrymoyle haijachukua kombe la kaunti tangu nikiwa tumboni mwa mama, lakini ukiwasikia watu wetu wakisimulia utadhani medali bado zina joto. Mwaka ule walifika nusu fainali dhidi ya Knockaneel, na kamati ya kaunti ikampanga Malachy. Nilimwambia aseme ana undugu nao, akatae.

"Hata Knockaneel nina undugu nao," akasema. "Binamu yangu kaolewa huko. Kaunti hii ukitaka refa asiye na undugu na mtu, uagize Norway."

Undugu wenyewe ulikuwa hivi. Mshambuliaji wa Derrymoyle, yule aliyebeba matumaini ya parokia nzima mabegani, alikuwa Ruairí Gannon, mtoto wa dada yangu Concepta. Nilimkata nywele zake za kwanza akiwa amekaa mapajani kwa mama yake. Ni kijana mzuri, ana nywele nzito nyekundu, na hasira yake ni ya upande wa baba, au ndivyo tunavyosema upande wetu.

Siku ya nusu fainali mvua ilinyesha. Derrymoyle walikuwa mbele kwa pointi mbili, na beki wa Knockaneel, Odhrán Lavelle, alikuwa amemganda Ruairí tangu mwanzo, anavuta jezi na kumnong'oneza sikioni mambo ambayo sidhani yalikuwa ya dini. Mpira ulikuwa umeenda upande wa pili. Ruairí akageuka, akamtwanga ngumi ya taya. Lavelle akaanguka kifudifudi kwenye matope. Malachy, ambaye alikuwa amewawekea jicho wawili hao muda mrefu, alipuliza filimbi, akakimbia hadi pale na goti lake, akatoa kadi nyekundu.

Ndipo muujiza ukatokea. Watu wa Derrymoyle wana macho ya ajabu. Kutoka jukwaa la mbali, kwenye mvua, wanaweza kukuambia kwamba ncha ya kiatu cha adui imeingia ndani ya mstari. Lakini dakika ile, mamia kwa mamia yao, wote walikuwa wanatazama kwingine. Huyu alikuwa anafunga kamba za viatu. Yule alikuwa anammiminia mkewe chai. Pascal Noone, mwenyekiti wa klabu, alikuwa amefumba macho anasali. Taya la Odhrán Lavelle lilivunjika mahali pawili, na kwa ushahidi wote uliopatikana, lilijivunja lenyewe.

Derrymoyle walishinda pamoja na kupungua mtu. Ungedhani hilo lingewapoza. Lakini anayetolewa kwa kumpiga mwenzake hufungiwa, na kufungiwa kwenyewe kungemkosesha Ruairí fainali, basi klabu ikakata rufaa kwa kamati ya kaunti. Knockaneel nao hawakufurahi. Walitaka kujua kwa nini Malachy hakumtoa Ruairí mapema zaidi, pamoja na wenzake wanne na ikiwezekana kocha. Kwa hiyo jioni ile parokia mbili ambazo hazijakubaliana juu ya jambo lolote tangu enzi za njaa kuu zilikubaliana juu ya mume wangu. Alipofika kwenye gari lake, tairi moja lilikuwa limekata pumzi.

Jumatatu nilifungua saluni kama kawaida. Wa kwanza alikuwa Bi Scahill, ambaye nimempaka rangi ya nywele kwa miaka mingi na kumtunzia siri hiyo.

"Dympna, mama, mzee hajambo?"

"Hajambo, Bi Scahill."

"Macho nayo?"

"Yanaona."

"Nauliza kwa wema. Kuna daktari mmoja mjini, kamtibu shemeji yangu mpaka akaacha miwani."

"Bi Scahill, Malachy anaona mpaka mizizi ya nywele zako akiwa barabarani. Inamisha kichwa."

Akainamisha. Lakini wengine watatu walipiga simu siku hiyo kusema wameamua kufuga nywele, na mmoja wao ana miaka themanini.

Kwa Malachy mambo yalikuwa ya kimyakimya zaidi. Dereva wa lori la maziwa huingia kila ua wa mkulima, na wakulima wa Derrymoyle wote walikuwa wamepata shughuli za ghafla nyuma ya mabanda. Shemeji yetu Lorcan Gannon, baba yake Ruairí, hakujificha. Alifunga geti kwa mnyororo, akasimama nyuma yake amekunja mikono.

"Lorcan, tangi lako limejaa," Malachy akamwambia.

"Hilo halikuhusu."

"Linanihusu. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kuharibu maisha ya watoto wa watu."

"Hiyo ni ya Jumapili. Leo Jumanne."

Lorcan hakufungua. Lori likageuza. Kilichofuata alinisimulia jirani yao, maana Lorcan mwenyewe mpaka leo hasemi. Ng'ombe sabini hawafuati mpira. Jioni walikuja kukamuliwa kama kawaida, na tangi halikuwa na nafasi hata ya kikombe. Kwa hiyo shemeji yangu, ili kumkomoa refa, alifungulia bomba na kuyamwaga maziwa yake mwenyewe kwenye shimo la samadi, kisha akasimama pembeni akiyatazama yanavyozama, akiwa ameshinda. Malachy aliporudi, mnyororo haukuwepo getini. Alivuta maziwa akaondoka.

Jumapili iliyofuata padri wetu alihubiri juu ya msamaha. Alihubiri vizuri, kwa sauti ya huzuni, akitazama benchi letu. Hakutaja jina la mtu. Alitaja filimbi.

Kisha akaja Pascal Noone mwenyewe, jikoni kwangu, na pai ya tufaha aliyoioka mkewe. Pascal anauza bima na hujui anachotaka mpaka umeshasema ndiyo. Nikaweka birika. Akalisifia pazia langu.

"Malachy, ndugu yangu, hatukuombi useme uongo," akaanza. "Mungu apishe mbali. Tunaomba tu uieleze kamati ukweli kwa mapana yake."

"Mapana yapi?"

"Kwamba inawezekana mkono wa kijana ulikuwa unapita tu."

"Unapita kwenda wapi?"

"Mikono hupita, bwana. Wewe umecheza, unajua."

"Ulipita kwenye taya la mtu, Pascal."

"Na taya nalo lilikuwa linakuja."

Malachy akakoroga chai yake kwa muda mrefu, na hana desturi ya kutia sukari.

"Nitasema nilichoona," akamjibu.

"Hicho hicho ndicho tunachokihofia," Pascal akasema, akainuka. Pai aliiacha, lakini kwa shingo upande. Nilimwona anaitazama mara mbili kabla ya kutoka.

Hayo yote niliyamudu. La dada yangu sikulimudu. Concepta alikuja jioni moja, hakuvua koti, akasimama katikati ya jiko.

"Damu yangu na damu yako, Dympna. Mtoto uliyembeba mgongoni."

"Kampiga mtu, Concepta. Yule kijana anakunywa supu kwa mrija."

"Nilikuwepo. Sikuona kitu."

"Ulikuwa safu ya mbele."

"Nilikuwa natafuta glavu zangu." Akanitazama, na macho yake yakajaa machozi, na najua yalikuwa ya kweli. "Una mume ndani ya nyumba hii, au una sanamu? Mwambie aseme hakuona vizuri. Maneno mawili tu. Hakuona vizuri."

Nikamwambia siwezi kumwambia hivyo. Akatoka, na hakunisemesha tena. Mama yetu yuko kwenye nyumba ya wazee nje ya mji, na tangu siku hiyo tulikuwa tunapishana kwa siku, mmoja akija mwingine asiwepo. Mama akamwambia muuguzi kwamba binti yake mmoja amefariki na watu wanamficha.

Usiku ule alipotoka Concepta mambo yalinifika shingoni. Malachy alikuwa anapaka viatu rangi. Nikamuuliza, "Hukuweza tu kutazama upande mwingine, kama watu wote?"

Hakukasirika. Ningependa mara moja moja awe anakasirika.

"Yule kijana hakuweka hata mikono mbele," akasema. "Alianguka kwa uso, Dympna. Nilidhani amekufa. Nilipofika pale nilikuwa natetemeka mwili mzima, nikamtazama Ruairí, naye anatetemeka. Watu wote wanapiga kelele, na sisi wawili tunatetemeka tu. Sasa nikasimame mbele ya kamati niseme nini? Kwamba nilikuwa natafuta glavu?"

Nikamsogezea kiatu cha pili.

Siku ya kusikilizwa kwa rufaa, Ruairí alikuja saluni. Mama yake alikuwa amemwambia aende kwa kinyozi wa mjini akanyolewe, aonekane mtu asiye na hatia, lakini alisukuma mlango wangu akaketi kwenye kiti bila kuniangalia. Nikamfunga kitambaa shingoni. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa bado vina rangi ya zabibu.

"Mkono umefanyaje?"

"Mlango wa gari, mama mdogo."

"Mlango una meno?"

Nikaanza kukata. Nilipofika nyuma ya masikio akasema, taratibu, akiongea na kioo, "Nilimpiga. Kila mtu anajua nilimpiga. Mama anajua. Lakini wameniambia mara nyingi kwamba sikumpiga, mpaka saa nyingine nasahau."

"Basi waambie leo."

"Niwaambie nini? Wameshapaka kondoo rangi za timu. Babu Gannon ana miaka tisini, ananiita mkombozi." Akavificha vifundo chini ya kitambaa. "Alikuwa ananiambia habari za Aoife. Yule Lavelle. Kwamba Aoife aliniacha kwa sababu mimi ni mtoto wa mama."

"Na ni kweli?"

"Kidogo," akasema, na nusura nimkate sikio kwa kucheka.

Malachy alienda kwenye kikao amevaa suti ya misiba. Nami nilimsindikiza, nikakaa nyuma. Derrymoyle walikuja na mwanasheria, binamu ya mtu fulani kutoka Dublin, mwenye soksi za mistari. Walikuja pia na video, iliyopigwa na mtu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi au kwa kinywaji, na iliyoonyesha kwa ufasaha mgongo wa mwanamke mwenye mwavuli. Ruairí alikaa kati ya wazazi wake, kichwa chini, amenyolewa vizuri.

Malachy alikuwa amejiandaa. Alikuwa amerudia maneno yake ndani ya lori siku nzima. Hakuna aliyemuuliza hata jina. Mwanasheria alisimama akasema kwamba, kabla ya kuingia kwenye suala la ngumi, angependa kuiuliza kamati kwa nini barua ya wito imeandika jina la klabu kwa Kiingereza, wakati kanuni zinataka liandikwe kwa Kiayalandi. Kamati ikaitazama barua. Kamati ikatoka nje. Kamati ikarudi na nyuso za watu waliopata njia ya kufika nyumbani mapema, ikatangaza kwamba shauri limefutwa.

Ngumi haikukanushwa. Taya halikukanushwa. Lugha ya taifa ndiyo iliyojeruhiwa, na Derrymoyle hawangevumilia hilo. Pascal Noone, ambaye Kiayalandi chake chote ni salamu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, alitoka ukumbini akifuta machozi kwa ajili ya lugha ya mababu.

Malachy aliendesha gari hadi nyumbani bila kuwasha redio. Akaingia, akampigia simu katibu wa marefa, akasema anaacha. Katibu akamsihi. Akasema anaacha. Kisha akala pai ya Pascal, iliyokuwa imebaki kwenye friji, yote, kwa kijiko, akiwa amesimama.

Kuanzia hapo watu walikuwa wema sana. Wakulima walitokeza nyuma ya mabanda. Bi Scahill alinong'ona kwamba yeye siku zote alimwona Malachy kuwa mtu wa haki. Wale waliofuga nywele walichoka nazo. Sasa kwa kuwa walikuwa wamepata walichotaka, walimsamehe kosa lake, ambalo lilikuwa ni kusema kweli, na walimsamehe kwa moyo mkunjufu, kama watu wenye dini.

Siku ya fainali tulienda kama watazamaji, jambo ambalo hatujalifanya tangu tuoane. Malachy alikaa na mkate wake wa nyama, mikono haijui pa kukaa. Derrymoyle walikuwa wanacheza na Ardkeeran. Marefa watatu walikuwa wamepangwa mmoja baada ya mwingine, na wote, baada ya kuona yaliyompata Malachy, wakashikwa na mafua ya fainali. Wa nne hakushikwa. Alikuwa mwalimu wa shule kutoka mashariki ya kaunti, Gráinne Devane, mwanamke wa kwanza kupuliza filimbi kwenye fainali yetu ya wanaume. Kabla hajarusha mpira juu alikuwa ameshashauriwa kutoka jukwaani arudi jikoni, aolewe, anunue miwani na aache upendeleo, na mtu mmoja nyuma yetu alimpa mashauri yote manne kwa pumzi moja.

"Anaenda vizuri," Malachy akaniambia. "Ila anaufuata mpira mno."

Ruairí alicheza kama malaika. Kila alipopiga, mpira ulipita juu ya mtambaa-panya, ambako kwetu ndiko pointi huhesabiwa, pointi baada ya pointi, na babu Gannon kwenye kiti chake cha magurudumu alikuwa anawabariki watu. Kisha, kipindi cha pili, mpira ukiwa mbali, beki wa Ardkeeran alitazama kushoto, akatazama kulia, akampiga Ruairí kiwiko cha uso. Alidondoka hapo hapo. Gráinne Devane alikuwa amegeuza mgongo, anakimbia kuufuata mpira, na watu wake wa goli pia walikuwa wanautazama mpira.

Jukwaa letu lote likasimama. Hakuna kamba ya kiatu iliyokuwa inafungwa. Hakuna aliyetafuta glavu. Watu walikiona kiwiko, waliona ni cha mkono gani, wengine waliona mpaka chale iliyokuwa juu yake. Upande wa pili, Ardkeeran nzima ilikuwa inamiminiana chai.

Pascal Noone alikuja kwetu akiruka viti.

"Malachy. Umeona?"

"Nimeona."

"Kiwiko?"

"Cha kushoto. Cha makusudi kabisa."

"Mungu akubariki. Twende kando ya uwanja ukamwambie yule mwanamke."

"Niende kama nani?"

"Kama refa."

"Nimeacha urefa, Pascal. Mimi leo ni mtazamaji wa upande wa Derrymoyle," mume wangu akasema, akauma mkate wake. "Na sisi huku hatuonagi kitu."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, katikati ya watu waliokuwa wanataka kuniua, mpaka mbavu zikaniuma. Lakini Malachy mwenyewe hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Ruairí akibebwa, na mkate hakuumaliza.

Derrymoyle walipoteza kwa pointi moja.

Filimbi ya mwisho ilipolia, watu hawakwenda kwenye magari. Walikwenda kwenye chumba cha refa, kile kibanda cha matofali nyuma ya jukwaa, na wakaanza kuupiga mlango. Kwa ngumi kwanza, kisha kwa miavuli. Malachy akasimama. Mimi nilimjua alivyosimama. Hivyo hivyo ndivyo husimama akikuta ng'ombe wa mtu barabarani.

Alipenya katikati yao, akaegemeza mgongo kwenye mlango.

"Toka hapo, Malachy," Pascal akasema. "Hili si lako."

"Mko wangapi? Yeye yuko mmoja."

"Katuibia fainali."

"Hakuona. Mtu hakuona, basi. Ninyi ndio wa kwanza kujua mambo hayo hutokea."

Mtu alitupa kopo la bia, likampata begani. Nilikuwa najaribu kufika kwake nilipoona watu wanapisha kutoka upande wa chumba cha daktari. Ruairí alikuwa anakuja, jicho moja limefumba, pamba puani, mama yake nyuma yake anamvuta jezi. Alikuja akasimama mlangoni, bega kwa bega na Malachy.

"Mwenyekiti," akamwambia Pascal, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "mimi nilimpiga Lavelle. Nilimvunja taya. Mliona wote. Sikuona mtu hata mmoja kati yenu akipiga mlango kwa ajili yake."

Pakawa kimya. Kilikuwa kimya kizuri, na kilidumu kama dakika nzima. Kisha mtu akasema maskini kijana, kile kiwiko kimemvuruga akili, na ikakubaliwa pale pale, kwa kauli moja, kwamba hajui anachosema. Lakini huwezi kuendelea kupiga mlango ambao mkombozi wako ameusimamia na pamba puani. Wakaanza kutawanyika, wakilaumu serikali.

Gráinne Devane alikuwa amekaa ndani juu ya begi lake, ameshavaa viatu vya kawaida, uso mweupe kama chaki. Tukamtoa, Malachy upande mmoja, Ruairí upande wa pili, mimi na Concepta nyuma kama wasimamizi wa harusi mbaya.

"Kweli kakupiga?" Gráinne akamuuliza Ruairí.

"Kweli."

"Sikuona. Nilikuwa nafuata mpira."

"Andika hivyo hivyo," Malachy akamwambia. "Kwamba hukuona. Hawatakupenda, ila utalala. Na gari siku nyingine uegeshe likitazama geti. Watu wako wa goli ni akina nani?"

"Kaka zangu wawili na wachumba wao."

"Wachumba wanawatazama kaka zako."

"Na kaka zangu wanatazama simu," akasema, akacheka kidogo, kisha akalia kidogo, kisha akawasha gari.

Masika yaliyofuata Malachy alirudi uwanjani, lakini si kama refa. Alivaa koti jeupe akasimama golini kwa ajili ya Gráinne Devane, mechi baada ya mechi, kazi yake ikiwa ni kutazama kila kitu isipokuwa mpira. Anatukanwa kwa karibu zaidi sasa, maana watu wa goli hawana pa kukimbilia, lakini anasema goti limepata nafuu.

Concepta alikuja saluni wiki chache baada ya fainali, siku ambayo hakuwa na miadi. Alikuwa amefuga nywele kama wale wengine, na hazikumpendeza. Nikamwonyesha kiti. Nilimwosha kichwa, na nilipomkausha akaanza kuzungumza, akiwa amefumba macho.

Ruairí alikuwa ameenda Knockaneel, akasema. Alikwenda peke yake, akabisha hodi kwa akina Lavelle. Mama yake Odhrán alimfungulia mlango, akamtukana kuanzia babu zake hadi wajukuu ambao hajawapata, akamwambia aingie asije akapata baridi, akampa chai na keki. Odhrán alikuwa anaweza kutafuna tena, vitu laini. Walikaa wawili wale mezani bila kujua la kusema, mmoja na taya lake na mwingine na pua yake, mpaka mama akawasha televisheni.

"Umemwambia mama yetu kwamba niko hai?" nikamuuliza.

"Nitakwenda kesho," akasema. "Twende wote, ukipenda." Akafumbua macho akajitazama kwenye kioo. "Usinikate sana, Dympna. Kidogo tu, kwa nyuma."